Video ya mama

Shoga, nimemwambia msusi wa mlango wa pili, futa hiyo video mbele ya macho yangu.

Kamrekodi mama amesimama mlangoni pa saluni yake, gauni kaligeuza mishono nje, anaulizia njia ya nyumbani. Na anajua mama anasahau.

Eti, "Dada, utani tu, watu elfu tatu wamecheka."

Elfu tatu, shoga. Umbea naupenda, unanijua, lakini si mama yangu.

Nikakaa kwenye kiti chake cha kusukia. Mteja kabaki wima, kichwa kimesukwa nusu. "Siondoki mpaka ufute."

Kafuta, mdomo kauvuta.

Mara mama huyo, kamshika msusi mkono. "Mwanangu, nani kakuudhi? Njoo ndani ule, chakula kiko tayari."