Mmoja Hajaingia

Karatu, Jumapili mchana

Baba yangu,

Nakuinamishia kichwa kutoka huku Karatu. Weka mkono wako juu ya karatasi hii, nami nitajua umenipokea. Ng'ombe wazima? Watoto wazima? Mvua imefika huko kwetu Oloipiri, au imeishia kwa majirani kama kawaida yake? Mimi ni mzima kabisa. Yeyo, mama yangu, asisikitike kwamba nalala njaa, maana makande ya huku yamefanya shati linibane.

Naserian, dada yangu, wewe ndiye unayesoma. Basi soma polepole na usiruke mstari, hata ule utakaokuhusu.

Baba, nakumbuka asubuhi niliyoondoka. Uliwaambia wenzako wa rika, nami nimesimama pale pale, kwamba macho uliyonifundisha miaka yote langoni mwa boma, ya kutazama ng'ombe wakiingia jioni na kumjua aliyekosekana bila kuhesabu, naenda kuyazamisha kwenye grisi. Sikujibu, kwa sababu mtoto hajibu. Lakini neno lile liliniuma, na limeniuma mpaka wiki iliyopita. Leo najibu.

Lilikuja gereji gari moja la michezo, jekundu, la Kitaliano, limenizidi umri. Ni fupi hata ndama akisimama kando yake anaona upande wa pili. Mwenyewe ni mzee wa Kizungu anayelima kahawa huko juu, karibu na msitu wa kreta. Alilinunua na mkewe, ambaye sasa ni marehemu, na vipuri vya injini yake ni vya kutafutwa nchi za watu. Injini ikifa, gari limekufa.

Mbele ya injini hiyo kuna mikanda miwili ya mpira yenye meno. Kazi yake ni kuzifanya sehemu za juu na za chini zizunguke kwa pamoja. Ikikosea jino moja tu, vyuma vinagongana ndani na injini inavunjika kabla hujakohoa. Mikanda ilikuwa imechoka, na sili, yaani zile pete za mpira zinazozuia oili, zilikuwa zimekauka na kuvuja. Tajiri wetu, Mzee Tluway, alitupa kazi ile watu wawili: mimi na Emanueli, mtu wa Baray kwenye mashamba ya vitunguu, fundi wa chuo mwenye cheti ukutani.

"Likiharibika hili," Mzee Tluway alisema, "nawarudisha wote kwenu. Mmoja kwenye vitunguu, mwingine kwenye ng'ombe."

Sili nilizipiga mimi. Nilizipaka grisi, nikazisukuma taratibu kwa kipande cha bomba la pampu tulichookota Mang'ola, zikakaa sawasawa. Hapo najisifu, na sioni haya.

Kabla ya hapo, hatujafungua hata mikanda ya zamani, nilivuta ndoo nikakaa mbele ya injini, nikaitazama. Nikaitazama sana. Emanueli akacheka, "Wewe vipi, unachunga?" Sikumjali. Yeye ndiye aliyehesabu meno, maana kitabu cha gari kinataka yahesabiwe kutoka alama hii mpaka ile. Baba, shuleni hesabu sikushindwa, Naserian ni shahidi. Lakini kuelekeza kidole kwenye kitu, kimoja, viwili, vitatu, mkono wangu unakataa. Ulinichapa mara moja tu kwa kuhesabu ng'ombe kwa kidole, na mara hiyo ilitosha. Kwa hiyo gerejini kuhesabu namwachia mwenzangu, na sikuwahi kumwambia mtu sababu.

Mikanda mipya ikafungwa. Emanueli akahesabu, akahesabu tena, akasema sawa. Mzee wa kahawa alikuwa amesimama, kofia mkononi. Mzee Tluway akaingia kwenye gari, akashika ufunguo.

Nami nikasikia mdomo wangu unasema, kwa sauti yako kabisa, "Kuna mmoja hajaingia."

Gereji nzima ikacheka. Emanueli akakasirika. "Nimehesabu mara mbili! Wewe umehesabu?"

"Sijahesabu. Nimeona."

Niliogopa, Baba, sikufichi. Kama nimekosea, nimemwaibisha mwenzangu mbele ya mteja. Lakini mkanda ule haukukaa kama ule wa zamani niliouweka moyoni mwangu. Mzee Tluway alinitazama, akatoa ufunguo, akashuka. "Zungusha kwa mkono," akasema. Nikatia spana, nikazungusha polepole. Ikaenda, ikaenda, ikagota. Chuma juu ya chuma. Tungeiwasha, tungeiua.

Tulifungua upya. Kumbe Emanueli alianza kuhesabu na lile jino lililo kwenye alama yenyewe, badala ya linalofuata. Akatabasamu kwa shida, akanipa mkono. Tukaurudisha mkanda, nikatazama, nikasema wote wameingia. Gari likawaka kwa jaribio la kwanza, sauti laini, hakuna hata tone la oili chini. Yule mzee wa kahawa alikaa ndani akalia bila kujificha. Baadaye akaniuliza nilijifunza chuo gani. Nikamjibu, "Langoni mwa boma la baba yangu."

Sasa hakuna injini inayowashwa pale kabla sijaitazama.

Nisalimie yeyo, mke wa kaka na mtoto wake mchanga ambaye sijamwona, na shangazi anayenidai blanketi la mistari. Nimeshalinunua.

Na sasa mstari wako, Naserian, usome. Uliniambia kwenye simu kwamba macho ya baba yameingia ukungu, kwamba ndama mweusi alilala nje na yeye hakugundua, na kwamba siku hizi jioni kaka ndiye anayesimama langoni, anahesabu kwa kidole.

Baba, mwambie kaka aweke kidole chake mfukoni. Mwisho wa mwezi nakuja. Nitasimama kushoto kwako, ng'ombe wakiingia nitakutajia rangi zao, mabaka yao na pembe zao, mmoja baada ya mwingine mpaka wa mwisho. Nitanyamaza hapo. Wewe ndiye utakayesema nani hajaingia.

Mwanao,
Lemayian