Mama Mkwe Anataka Kumshukuru Mama Faidha

Shangazi Mabel, shikamoo. Nakuandikia kwa sababu nyumba yangu inanishinda. Mimi ni mwalimu, nimeolewa hapa kijijini Mnyambe, naishi na mume wangu Silvano na mama yake, na huyu mama mkwe, Shangazi, Mungu anipe nini tena, amenilelea watoto bila neno baya. Macho yake hayasomi siku hizi, kwa hiyo tukikaa uani kuchambua korosho namsomea, na msimu huu niliazima Masasi riwaya ya nchi moja ya baridi iliyotawaliwa na wakomunisti, ambako mtu anakamatwa kwa maneno tu, kisha jirani anamletea mke wake supu kila siku, na mpaka kitabu kinaisha huambiwi kama jirani huyo ndiye aliyemchongea mume au ana huruma tu. Nilikasirika, nikasema mwandishi katudanganya, mama akacheka akasema, "Mwanangu, mbona hata sisi iliisha hivyohivyo." Ndipo akatueleza kwamba walipokuwa bado ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji, enzi za chama kimoja, baba yake Silvano aliitwa adui akachukuliwa, hakurudi, na jirani yao Mama Faidha, aliyekuwa karibu sana na viongozi wa kijiji, akawaletea ugali na mboga mpaka walipovuka kuja huku. Sasa tumesikia Mama Faidha yu hai, anaishi huku huku kwetu, Makote, kwa mwanawe, na mama anataka kwenda kumshukuru. Silvano kakataa, anasema huyo ndiye aliyemuuza baba, hata kitabu kimeonyesha, na mama akamjibu taratibu, "Sijui kama alimsema baba yako. Najua alitulisha, na sijamwambia asante." Tangu hapo hawasemezani. Nimpeleke mama kwa siri, au nimtii mume? Na kweli, Shangazi, unadhani alimchongea?

Winfrida, Mnyambe

Marahaba, mwalimu. Nianze na swali lako la mwisho ili tulitupe: sijui. Umesoma kitabu kizima kinachokwambia kuna mambo hayajulikani, halafu unaniandikia mimi niliyekaa Masasi nikujulishe?

Silvano nampa pole kwa moyo wote. Kukosa baba, na kukosa hata kaburi la kupalilia, ni uchungu. Lakini riwaya si ushahidi. Waliomchukua baba yake nao walitosheka na kuhisi.

Wewe usijilaumu kwa kusoma. Mama ameubeba mzigo huu miaka yote, na umempa pa kuutua. Nakushukuru kwa niaba yake.

Siri hapana. Mwambie mumeo mchana, mama akiwepo, kwamba Jumamosi mnakwenda Makote. Akitaka kubaki abaki, ila asizibe njia. Bebeni unga wa muhogo, kuku na doti ya khanga. Mkifika, mama aseme lake kwanza, na wewe funga mdomo, hukwenda kusahihisha mtihani. Mwenyeji akitaka kueleza ya zamani, msikilizeni. Asipotaka, kuleni chakula chake mrudi.

Na Silvano akizidi kung'aka, mwambie nimesema mimi: aliyemchongea baba yako hatumjui. Aliyekulisha tunamjua, na amezeeka. Mama yako pia.