Kumbe Mutoto Ndiye Anaanza Kusema

Dada yangu mukubwa uliye ng'ambo,

Tangu uvuke mupaka kwenda Uvira, sijapata habari yako hata moja. Barabara ya Gatumba, ya kuja huko, inafungwa, inafunguliwa, mi sielewi tena. Nakuandikia hivyo hivyo, maana kichwa kimejaa na hapa mutaani Buyenzi sina wa kumwambia.

Unakumbuka sungura yetu nyeupe, ile ya nyuma ya gereji ya baba? Ilijinyofoa manyoya ya kifua, ikapanga kitanda kizuri, tukangoja watoto. Wapi! Tumboni hamukuwa na kitu. Na we ndiyo ulikuwa umetoka kupoteza mimba ya pili, kesho yake baada ya zile risasi za mutaa wa Kamenge. Mama mukwe wako akasimama mulangoni kwetu: "Hata sungura ya kwenu inadanganya! Ni familia nzima!" Mama akamujibu, "Toka hapa, mudomo wako ndio unaangusha mimba." Ulicheka mpaka ukalia. Halafu ukafunga mizigo.

Sasa sikiliza. Yule mama wa karanga pale sokoni anafungia karanga na kurasa za kitabu cha biolojia, cha Kifaransa. Mi nakula karanga, nasoma karatasi! Imeandikwa: yai la uzazi likishatoka, pale lilipotoka kunabaki kitu cha manjano. Hicho kinatoa homoni, projesteroni, inaambia tumbo: tandika kitanda. Sungura anaweza kutandika hata kama hakuna mutoto. Ile yetu haikudanganya, dada! Mwili wake uliamini. Kwa sisi watu, mutoto akishajishika kwenye kitanda hicho, bado mudogo kuliko ufuta, yeye mwenyewe anatuma homoni yake: niko hapa, musitoe kitanda. Neno lisipofika, kitanda kinatoka na damu. Ng'ombe nayo iko na neno lake, tofauti.

Basi nikajiuliza: na woga? Na risasi? Ukurasa umekatika palepale. Nimerudi kununua karanga, nikarudi tena, mpaka yule mama akaniambia, "We binti, una njaa ama una mimba?" Nikachukua karanga zangu, nikakimbia.

Maana ndiyo, dada. Niko nayo. Changa sana. Mume wangu hajui, unajua kwetu mimba changa haitajwi, inangoja ionekane yenyewe. Leo asubuhi wamepiga tena risasi upande wa Kinama, nikashika tumbo kama mupumbavu. Woga unazima neno la mutoto, ama ni maneno ya watu tu? Wanawake wangapi wamebeba mimba wakikimbia, wakazaa salama? Na we uliyekuwa umelala kitandani kwako ukapoteza. Sielewi. Nafurahi, naogopa, nafurahi tena, Mungu wangu!

Sitaki kukutonesha. Lakini nimuulize nani? Kitabu hakisemi, na waliozaa hawajui. We ndiye unajua. Zile siku, kabla damu haijatoka, ulisikia nini mwilini? Ulijuaje kwamba amenyamaza?

Ni mi, mudogo wako niliyekufuata tumboni kwa mama.