Msimamizi wa Mtoto Hajapatikana

Mbaraki, Mombasa

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumai goti lako limepata nafuu na kikohozi kimemwachilia Mama alale. Sisi huku tu wazima, ila joto linatupika na mtoto ametoka vipele shingo nzima. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikianza kueleza, unauliza atabatizwa lini, kisha unakata. Barua haikatiki, basi keti uisome.

Kila Jumapili unaniambia kwamba mjukuu wako ana miezi minane na bado ni mpagani, kwamba Pwani imenipoteza. Haijanipoteza, Baba. Nimechoka kutafuta msimamizi, basi. Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba mtoto habatizwi bila mtu wa kumsimamia, naye awe amepata kipaimara, anapokea komunyo, na kama ana mke wawe wamefunga ndoa kanisani. Masharti hayo ulikuwa ukiyahesabu kwa vidole. Njoo basi umtafute mtu huyo hapa Mbaraki.

Nilianza na Benadeta, mwenyekiti wa jumuiya yetu, aliyetuongoza rozari kila Jumatano. Kumbe ameshahamia kanisa moja la ghorofani karibu na Marikiti, lile la vipaza sauti. Mama yake alipofariki alinyimwa misa ya mazishi, eti hakuwa akifika jumuiyani, na mama wa watu alikuwa kitandani miaka miwili. Wale wa ghorofani walikuja siku hiyo hiyo na viti na sufuria. Nilitaka kumkasirikia nikashindwa.

Nikamwendea Pius, anayefanya kazi relini na mume wangu. Hakosi misa, lakini yeye na mkewe wanaishi mwaka wa kumi huu bila ndoa ya kanisani. Padri alimkataa kabla sijamaliza kumsifu. Jumuiya iliyokuwa ikijaza sebule sasa ina watu watano: mimi, mume wangu, na wajane watatu walioapa kutosimamia tena, kwa kuwa kila mtoto waliyemsimamia wazazi wake walihama naye. Bi Maryam, mwenye nyumba wetu, alinitazama nikihangaika akauliza, "Kwani hao wenzio wote wameshika ndia gani?" Kwa tabia, yeye ndiye angefaa kuliko wote, ila ni Mwislamu.

Mwishowe Padri akaniuliza kama kwetu bara hakuna hata mmoja. Padri mwenyewe ni kijana, namzidi umri. Nikacheka. Nikamwambia baba yangu ni katekista, aliyezunguka vigango vitano, yale makanisa madogo ya vijijini, kwa baiskeli tangu enzi za mapadri wazungu, na kwamba nusu ya watu wa kwetu walijifunza sala kinywani mwake. Nikamweleza jinsi Krismasi watu walivyokaa nje kwenye nyasi kwa kukosa nafasi ndani. Akafurahi. Akasema nilete tu barua ya parokia ya nyumbani kuthibitisha.

Barua ilifika juzi. Padri aliisoma, akanisogezea. Imeandikwa kwamba hujaonekana kanisani tangu Pasaka ya mwaka juzi.

Baba, nilikosa pa kuweka uso. Nikampigia Mama. Akaniambia kwamba kigango chako kilifungwa, maana walibaki watu wanane, wengine wote wako kwenye mahema ya walokole, nawe ukasema huendi parokiani kukalishwa benchi la nyuma kama mgeni. Akasema, "Jumapili baba yako huvaa koti, akaketi nalo uani mpaka saa sita, kisha akalivua." Kumbe ndiyo saa unayonipigia simu kunigombeza.

Nimekasirika, sikufichi. Miezi yote hii minane nimebeba lawama ambayo ni yetu sote wawili. Na nimelia pia, kwa sababu ya hilo koti. Ungeniambia tu kwamba inakuuma.

Sasa nisikilize. Nenda parokiani, hata kwenye benchi la nyuma, uungame, umwombe padri barua nyingine. Ubatizo ni Jumapili ya mwisho ya mwezi huu. Basi la asubuhi linafika Mwembe Tayari jioni, nami nitakuwa pale nikikungoja.

Mpe Mama mkono wangu. Msalimu shangazi wa ng'ambo ya mto, na kaka yangu mchungaji, mwambie sina ugomvi na hema lake, apunguze sauti tu. Binamu anayekuletea barua hii mpe chai, ametoka mbali.

Jina lako nimeliandika kwenye fomu kwa wino. Usipokuja, mtoto atarudi nyumbani na kichwa kikavu, na Padri akiniuliza tena kama kwetu amebaki hata mmoja, sitakuwa na mtu wa kumtaja.

Ni mimi bintiyo, mwenye hasira na mwenye kukupenda,

Skolastika