Narudia, kwa Aliyekuwa Jikoni

Mama Tusekile,

Ugonile. Nakusalimu kwanza, maana ulinifundisha kwamba asiyesalimia habari zake hazisikilizwi. Ni mimi Subira, uliyenitoa kwenye kufagia studio ukanikalisha mbele ya kamera. Siku hizi nikipita karibu na kaburi lako nageuza uso, ndiyo maana naandika.

Bibi Anyisile alikuja. Shoga yako wa Mwaya, uliyekua naye. Alikuja na mchele mpya kichwani, wiki nzima baada ya kukuzika, akabisha hodi ofisini akiuliza kama mguu wako umepona. Mama, alikuwa anacheka! Nilimkalisha kwenye kiti chako nikamweleza. Alivua khanga ya begani akaifunga kiunoni palepale, akalia mpaka wa duka la jirani wakatoka nje. Alipotulia aliniuliza neno moja tu: "Mwanangu, mbona hukunisomea?"

Wewe unajua kwamba tangazo la msiba wako hakulikosa kwa bahati mbaya.

Wewe na marehemu mumeo mlianza televisheni hii kwa deki moja na waya mliouvuta nyumba hadi nyumba kuzunguka soko la Kyela. Baadaye ukaja mnara, tukaonekana Ikolo, Mwaya, mpaka Itungi, watu wakijitengenezea antena kwa mifuniko ya sufuria. Wakati wa mafuriko uliupandisha mtambo juu ya magunia ya mpunga ukasoma huku maji yamekufika magotini, na usoni umejipaka poda kama kawaida yako. Filamu ikikatika hakuna aliyelalamika. Taarifa za misiba zikichelewa kidogo, watu walikuja na baiskeli kuuliza kulikoni.

Kila aliyeleta taarifa ya msiba ulimhoji kama hakimu. Marehemu kazaliwa wapi? Kaolewa wapi? Wajomba zake ni watu wa wapi? Nami nilinuna pembeni, naona tunapoteza muda. Kisha ulisoma taratibu, ukasema, "Narudia, kwa aliyekuwa jikoni," ukasoma tena. Siku moja nilikuuliza kwa nini mara mbili, umeme wenyewe wa kuungaunga. Ukanijibu, "Mara ya kwanza wanasikia jina. Mara ya pili ndipo wanasikia kwamba msiba ni wao."

Ving'amuzi vilipokuja mnara wetu ukawa wa kukalia kunguru, ikabidi tuhamishie matangazo kwenye simu. Hapo wewe ulishastaafu na bosi nilikuwa mimi. Watangazaji wenzangu wa Mbeya walikuwa wakituita Televisheni ya Vilio, nami nikaona aibu. Aibu, Mama! Nikaviondoa vifo kwenye matangazo, nikavifanya picha na maneno mawili matatu, mtu asome akipenda. Ulikuja ofisini kwa mkongojo ukaniuliza, "Anyisile atasikiaje?" Nikakujibu kwa haraka kwamba wajukuu wana simu. Ulimaliza chai yako ukaondoka, na afadhali ungenitukana.

Mjukuu wa Bibi Anyisile mwenye simu alishahamia Mbeya. Ulipofariki nilikuwekea picha nzuri, yenye mishumaa. Watu wengi waliandika pole chini yake. Lakini pale nyumbani kwako turubai lilikuwa na viti vitupu, na wewe ndiye uliyewajazia wengine viwanja vyao vya misiba. Wa Mwaya hawakuja, wa Ikolo walikuja wachache. Hapa kwetu mtu hakosi mazishi halafu akawatazama wafiwa usoni, na mimi nimewakosesha wote hao bila wao kujua. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu nimempakata.

Jana nilikaa kwenye kiti chako. Nilimwomba mwenye banda la mpira la Mwaya atuwashe kwenye spika kabla ya mechi, vijana wakaguna, akawashinda. Bibi Anyisile walimwekea benchi mbele. Nikasoma jina lako, kwamba umezaliwa Mwaya, umeolewa Kyela mjini, wajomba zako ni watu wa Ikolo, na kwamba tumeshakuzika bila wao, kosa ni langu. Nilisoma bila kukwama, kama tangazo la mtu mwingine.

Kisha nikasema, "Narudia, kwa aliyekuwa jikoni." Nikaanza jina lako, sauti ikakatika. Mimi ndiye niliyekuwa jikoni, Mama. Mazishini nilishika kamera, sikukulilia.

Lala salama. Ndaga fijo, asante sana, kwa kiti na kwa sauti uliyonipa. Misiba itasomwa kila jioni, pamoja na wajomba, na nitairudia hata wakiguna. Jumamosi nakuja kwako na Bibi Anyisile, kuhani. Mchele anao yeye, kuni nitabeba mimi, na safari hii sitageuza uso.

Mwanao wa studio,
Subira