Ulinifundisha Makaburi ya Ginsterau

Baba,

Leo sikusalimii. Nimekaa kwenye benchi lako la kazi hapa Naipingo, randa yako iko pale pale ulipokuwa ukiiweka, na nina hasira na wewe. Tangu tukuzike sikuwahi kukukasirikia. Nililia, nikachoka kulia, nikafungua karakana nikaendelea na milango ya watu. Sasa nimekasirika, na wa kumwambia ni wewe mwenyewe.

Ulinidanganya, Baba.

Niulize habari za Ginsterau, nitakujibu nimefumba macho. Kijiji kidogo cha Ujerumani, kwao yule padri aliyekupeleka ujanani ukajifunze useremala kwa fundi wa kwao. Kiko bondeni, kina barabara moja iliyopinda kama mundu. Mto wake ni mwembamba, mtu anauruka akijipa mbio kidogo, lakini haukauki mwaka mzima, si kama Mbwemkuru wetu unaobaki mchanga mtupu. Kuna daraja la mawe lenye matao mawili, na kinu cha maji ambacho gurudumu lake lilishasimama kabla hujafika. Kanisa liko juu ya kilima kwa sababu lile la kwanza, la chini, lilibebwa na mafuriko. Kengele zake ziliteremshwa wakati wa vita zikayeyushwa kuwa mizinga. Wakatundika nyingine, vita vya pili zikachukuliwa tena. Hapo ulikuwa unacheka mpaka unakohoa: "Watu wale hawakomi!" Mbele ya kanisa kuna jiwe la majina ya vijana wao waliokufa vitani, na mmoja alifia huku huku kwetu kusini. Ulisema ulilitazama jina lile ukajiuliza wapagazi wetu waliokufa katika vita hivyo hivyo wameandikwa wapi.

Uliuliza hivyo wewe, Baba. Wewe!

Ulituchorea kijiji kizima kwa kijiti kwenye vumbi la mbao, hapa chini miguuni pangu. Vipande vya mninga ndivyo vilikuwa nyumba. Ukikosea mahali pa kinu mimi ndiye niliyekusahihisha, ukafurahi kweli kweli. Halafu tulifika makaburini, na hapo hata kaka aliacha utundu. Kwamba kule makaburi yamezunguka kanisa, kila moja limepandwa maua na kuwekewa ukingo kama tuta la mboga, na watu huja na ndoo ya kumwagilia. Kwamba kaburi la kule hupangishwa kama chumba, muda ukiisha na wenyewe wasipojitokeza, linavunjwa akalazwa mwingine. Tulishika midomo. Mama akasema jikoni, "Jamani, bibi wa watu?" Nawe ukatikisa kichwa, ukawahurumia Wajerumani.

Na kwamba mtu aliyefiwa huandikisha jina lake kwenye jiwe la mpendwa wake yeye mwenyewe angali hai. Jina, mwaka wa kuzaliwa, kistari, kisha nafasi tupu. Hilo ulilisimulia mara moja tu. Nilidhani ulikuwa unashangaa kama sisi.

Lakini nilipokuuliza kwetu hasa ni wapi, kule mlikokaa kabla ya watu kuhamishiwa kwenye vijiji vipya, ulisema, "Pori tu lile. Hakuna kitu." Nikaamini. Ulikuwa unasoma masomo kanisani kila Jumapili, ningeanzaje kutokukuamini?

Sasa nikupe habari. Lile pori tu lako, upande wa Nambilanje, limekutwa na madini. Wapimaji wamekuja, wamesimika vigingi, na limetoka tangazo kwamba kila ukoo wenye makaburi humo ufike kuonyesha la kwao kabla mitambo haijaingia. Makaburi yatakayoonyeshwa yatahamishwa kwa heshima. Yasiyoonyeshwa, hakuna wa kuyaulizia. Nikaenda mimi, maana kaka yuko mbali na Mama miguu inamsumbua.

Baba, ile aibu. Watu wametoka Ruangwa mjini, wametoka Nachingwea, wengine hata Kiswahili hakiwakai vizuri mdomoni, lakini kila mtu anapita kwenye vichaka anasema babu huyu hapa, shangazi yule pale. Kijana wa vipimo akanigeukia na kopo lake la rangi: "Dada, la kwenu lipi tuweke alama?" Nikasimama kama gogo. Mimi ninayejua mke wa mwenye kinu cha Ginsterau kalala upande gani wa kanisa! Mama yako mzazi sikujua alipo. Jina lake sikulijua. Kwetu alikuwa "bibi yenu" basi.

Nikaenda kwa shangazi, dada yako. Macho yamemfifia, ila ulimi bado ni wake. Akanishangaa.

"Kwani babako hakuwaambieni? Mbona alikuwaga anapita hapa kwangu kila mwaka, mikorosho ikianza kutoa maua? Anakuja na kaunga kake ka mtama, anakwenda kwa mama, anarudi, anakunywa maji, huyo, keshaondoka. Akinikatazaga, usiwaambie wanangu, waache waende mbele."

Kila mwaka! Ulituaga unakwenda Ruangwa kutafuta mbao. Ule unga ulisema ni wa uji wa njiani, na Mama akakupepetea kwa mikono yake. Siku kaka alipokutwa na wenzake wakimwaga unga shinani mwa mti na kuita majina ya wazee, ulimchapa mbele yetu ukasema hayo ni mambo ya gizani. Alikuwa mtoto. Alikuwa anafanya ulichokuwa unakwenda kukifanya mwenyewe.

Shangazi akanishika mkono akaniongoza hadi kwenye ule msolo, mti ambao wazee walitambikia. Ardhi chini yake ilikuwa imefagiwa zamani kidogo, majani yalikuwa hayajawa mengi. Nikaona ukingo wa mbao kulizunguka kaburi, kama tuta la mboga. Mpingo mtupu, mchwa hawajaugusa. Pembe zimeungwa kwa meno yale yale uliyonifundisha kukata hapa benchini. Kichwani umesimika ubao, nikasoma jina la bibi yangu kwa mara ya kwanza maishani: Nambunga.

Chini yake, jina lako. Mwaka wa kuzaliwa. Kistari. Nafasi tupu.

Nilikaa chini pale pale. Shangazi akauliza kuna nini, nikamsomea.

Tulikuzika misheni, Baba. Tulikuchagulia mahali pazuri karibu na ukuta wa kanisa, mafundi wenzako wakakumiminia msalaba wa saruji, na Mama akaomba nafasi ya pembeni yako isipewe mtu, atakuja yeye. Nawe muda wote ulishajichagulia pako. Ulimwambia maiti, ukauambia mti, mkeo hukumwambia. Ulikuwa unatuonea aibu sisi, au ulikuwa unawaonea aibu wao? Ginsterau uliweza kutupa yote hadi daraja. Kwetu ulitunyima hata jina.

Nilimweleza Mama jana. Alichambua mbaazi mpaka ungo ukaisha. Kisha akasema, "Mleteni mama yake. Yeye kulia, mimi kushoto." Basi. Ndiye mwanamke uliyemficha haya yote.

Kwa hiyo nakuahidi hili. Mvua zikikatika, mifupa ya bibi itakuja kwako. Padri amekubali, shangazi atakuja, kaka atakuja pia, na unga tutaumwaga mchana kweupe, kaka ndiye atakayeushika. Ukingo wako wa mpingo nitaubeba wote, sitapoteza hata jino moja. Wanangu watalijua jina la Nambunga, na watakwenda kuuona ule msolo kabla haujaangushwa. Ginsterau nayo nitawachorea, maana siwezi kuisahau, umenifanya nikipende kijiji ambacho sitakaa nikione.

Ubao wa kaburini niliung'oa, ninao hapa, nimeufuta vumbi. Patasi yako nimeinoa. Asubuhi nimejaribu kuchonga mwaka wa kufa kwako kwenye ile nafasi, nikairudisha patasi benchini. Nikiuchonga, wewe utakuwa umekwisha, nami bado sijamaliza kugombana na wewe.

Lala, Baba. Mama yako anakuja. Mwaka nitauchonga siku nitakayokusamehe.

Mwanao, fundi wako