Samaki wa Mama Mkwe na Pua Yangu

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla ya Ijumaa, maana ndoa yangu ya miaka tisa inavunjwa na samaki. Mimi ni karani wa masjala, nina kidato cha nne, na naandika shajara kila siku, kwa hiyo tarehe ninazokupa ni za uhakika. Tarehe 2 Februari ofisi iliweka vigae nikaruhusiwa kuchukua zulia kuukuu, nikalitandika sebuleni, likaenea vizuri sana, na tarehe 4 mama mkwe wangu, ambaye ni muuza samaki, akatuletea kapu la samaki na kamba wachache, tukala, na asubuhi yake nikapiga chafya kumi na saba, pua ikawa bomba, macho yakawasha, nikajua moja kwa moja huu ni mzio wa samaki, nikawapiga marufuku nyumbani. Chafya hazikuisha, kila asubuhi zikarudi, nikahisi harufu imo kwenye nguo za mke wangu, nikamwambia akitoka kwa mama yake abadilishie nguo uani, akabadilisha, chafya zikaongezeka. Jumapili iliyopita mama mkwe akaja na kapu, nikamzuia mlangoni, leso puani, majirani wakitazama, nikasema, "Mama, samahani, kaa hapo nje, upande ambao upepo hauleti harufu," naye akajibu, "Nikae nje na paka, baba? Haya," akaondoka hata maji hakunywa. Mke wangu hakupiga kelele, alisema tu, "Ijumaa mama anarudi. Ama aingie na kapu lake, ama mimi nitoke naye." Nataka kumwonyesha shajara iwe ushahidi, ila kuna kurasa zinanisumbua, kwani kila Jumatano kantini ya kazini hupika samaki na mimi nakula tangu Machi, nimeandika "samaki mzima, nimeongeza, pua kavu", labda wao huwaosha vizuri zaidi. Je, kurasa hizo nizichane?

Karani Mwenye Mafua

Karani, pole kwa pua. Kwa mengine sikupi pole.

Tarehe unazo zote, ulichokosa ni kuzisoma. Zulia lililokanyagwa na ofisi nzima liliingia kwako tarehe 2, chafya zikaanza tarehe 5. Samaki akafukuzwa, mama wa watu akafukuzwa, zulia likabaki limejinyoosha sebuleni kama mwenye nyumba!

Mzio wa samaki upo, tena si wa kuchezea. Midomo huvimba, ngozi huwasha, pumzi hubana, na wapo wanaodhurika hata kwa mvuke wa sufuria. Mtu wa aina hiyo hukimbizwa hospitali, haongezi sahani. Chafya za kila asubuhi mara nyingi huletwa na vumbi. Lakini mimi sipimi watu kwa barua. Nenda kwa daktari, umpe shajara nzima.

Na eti kantini wanaosha vizuri zaidi! Mama huyo anapara samaki tangu wewe hujui kushika kalamu. Amekuzalia mke, wewe unampangia upande wa upepo kama jalala.

Usichane hata ukurasa mmoja. Leo hii toa zulia, lisikae uani wala stoo, na sakafu uipige deki mwenyewe. Usimtume mkeo, ameshabadilisha nguo za kutosha. Ukimaliza, msomee Jumatano zote, kwa sauti. Akicheka, umepona. Akinyamaza, endelea kusoma. Alhamisi nenda kwenye meza ya mama mkwe, umwombe radhi mbele ya wateja wake, maana ulimwaibisha mbele ya majirani. Leso iache nyumbani.

Ijumaa fungua mlango wewe, pokea kapu kwa mikono miwili, mpe mama kiti cha sebuleni. Paka ndiye abaki nje.